Nimesikia Sababu Zako

"Nimesikia sababu zako, lakini uamuzi wangu ni hapana."

Mageto alishtuka mpaka simu aliyokuwa anapanguza ikamtoka mkononi. Ilikuwa siku ya soko Litein, ile siku hupati hata mahali pa kuweka mguu. Boda boda wamejaza barabara, akina mama wa nyanya wamekaa mpaka kwa mlango ya benki, na yeye alikuwa amesimama tu nje ya duka yake ya simu, mdomo umefungwa. Mbele yake kulikuwa na msichana mrefu, sweta ya kijani, gambuti zimejaa matope ya Boito, uso umekazwa kama wa hakimu. Na alikuwa anamwangalia yeye, macho kwa macho.

"Lakini sijakuuliza kitu," Mageto akasema.

Msichana akatoa earphone kwa sikio moja. "Ati?"

"Nasema umenikataa. Sasa umenikataa nini, na mimi bado sijaomba?"

"Ai, sikuwa naongea na wewe. Niko class."

Mageto akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kuku, sukuma wiki, mtu anauza soksi. "Class iko wapi?"

"Hapa." Akainua simu. "Mwalimu amesema turudie kwa sauti, tukiangalia mtu kwa macho."

"Na kwa hii Litein yote ukachagua mimi."

"Wewe ndio ulikuwa umesimama bila kazi."

Obiero, mtu wa boda ambaye hupaki hapo mbele ya duka kutoka asubuhi, alicheka mpaka akalala juu ya tanki ya pikipiki. "Mageto ndugu yangu, leo umeachwa kabla ya kuchukuliwa."

Msichana akacheka pia, bila kutaka, na hapo ndipo Mageto aliona ana pengo ndogo kati ya meno ya mbele. Kazi ikaisha hapo.

Alikuwa anaitwa Chelangat. Kwao ni Boito, shamba ya chai imeshuka mpaka mtoni, na alikuwa ndiyo amechaguliwa chairlady wa kituo chao cha kununulia majani. Tusidanganyane, hawakumchagua kwa kumpenda. Wazee wawili walitaka kiti, kila mmoja akaapa mwingine hatakipata, basi wakampa msichana ndio wote wakose. Kwa mkutano wake wa kwanza alifungua mdomo, wazee wakaongea juu yake mpaka mvua ikawafukuza wote nyumbani. Alilia njia yote. Alipofika akachukua simu, akatafuta, akapata kozi ya bure ya mtandaoni: jinsi ya kuongoza watu na jinsi ya kufanya uamuzi. Mwalimu wao alikuwa Madam Dorcus, ambaye yeye humwona tu kwa skrini, kichwa na mabega. Wiki hiyo walikuwa wanafundishwa kukataa. Na kwa sababu network ya Boito hukuja ikiamua na kutoroka ikiamua, alikuwa anakuja Litein kusoma.

"Ukikuja tena," Mageto akamwambia, "hapa juu ya duka kuna hoteli. Network iko full. Chai yao ni maji, lakini network iko full."

Akakuja tena. Akakuja na wiki iliyofuata. Akawa na meza yake pale juu karibu na dirisha, na Mageto akawa mtu wa kupanda ngazi kila saa, mara ameleta charger, mara ameleta mandazi, mara ameleta sura yake tu. Viatu vyake vyeupe alikuwa anaviosha kila siku, na Litein vile kuna matope, hiyo yenyewe ni mapenzi.

Halafu simu zikaanza.

"Mheshimiwa chairlady."

"Sema, fundi."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Hiyo haina protini. Enda ununue mayai."

Akamnunulia zile earphone ndogo hazina waya, za kuweka ndani ya sikio. Siku hiyo simu ya Chelangat ilikuwa inakwaruza, Mageto akaiunganisha na spika yake kubwa ya nje kwa bluetooth ili asikie kama shida ni simu ama ni masikio ya mwenyewe. Simu ilikuwa sawa. Wakacheka, wakasahau. Weka hiyo spika kwa akili. Ni ile refu inamfika mtu kifuani, ina taa za rangi, ikipigwa wimbo Litein, mtu aliye kwa posho mill anacheza bega.

Mapenzi ikaiva. Chelangat akampeleka Boito, baba yake Johana akampa mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kwa kibuyu, akaimaliza yote bila kukunja uso, na Johana akasema huyu kijana wa Kisii ana tumbo ya heshima. Mageto naye akampeleka Kiptere kwa mama yake, Nyanchoka, ambaye huuza ndizi sokoni. Mama akamshika Chelangat mikono yote miwili, akaigeuza, akaona ile rangi ya majani imeingia kwa vidole. "Hii ni mikono ya mtu wa chai," akasema. "Hata yangu ilikuwa hivi." Siku ya kwenda kuomba bibi ikapangwa: Jumamosi. Mjomba Oyaro ndiye ataongoza watu wa kijana. Kule kwa kina Chelangat hiyo siku wanaiita koito, na mtu haendi koito kubahatisha.

Shida ilikuwa neno moja tu.

"Mageto, leo tukule wapi?"

"Wewe ndio unajua, beb."

"Mageto, tutavaa nini siku hiyo?"

"Vile utaona."

"Mageto, tukioana tutaishi wapi?"

"Tutaona tu."

Na hiyo ya mwisho haikuwa mchezo. Mwenyekiti wa kituo ni lazima awe mkulima wa hapo, anapeleka majani hapo. Chelangat akiolewa ahame aende Kiptere ama Litein, kiti kimeenda, na wale wazee wawili walikuwa wanangoja tu, kila mmoja amesafisha koo. Aliuliza kwa upole. Aliuliza kwa hasira. Aliuliza mara moja akiwa amemshika shati. "Tutaona tu, mpenzi." Mpaka akaogopa kuuliza tena.

Sasa Jumatano ya wiki ile ya koito, Madam Dorcus akawapa kazi. Akasema uamuzi mgumu una pande mbili, na kila mtu hupenda kutetea ule anautaka. Kwa hivyo: chukua jambo gumu la maisha yako ya kweli. Kwanza jirekodi ukitetea upande ule unaouogopa, kwa nguvu yako yote, kama unauamini. Usikilize. Halafu siku nyingine urekodi upande wa pili. Hapo ndipo uamue.

Chelangat alipanda juu ya ile hoteli, akakaa karibu na dirisha. Alikuwa amevaa gauni ya maua aliyoshonewa ajaribu, ile ya Jumamosi, sweta juu. Akajirekodi polepole, kwa sauti ya chini ili mtu wa meza nyingine asisikie. Akamaliza. Akatoa earphone kwa pochi, akawasha bluetooth, akabonyeza asikilize.

Kimya.

Akaongeza sauti. Kimya. Akatoa earphone, akaipuliza, akarudisha. Akaongeza mpaka mwisho. Kimya kabisa. Akasema pengine imeanza vibaya, akarudisha mwanzo, akabonyeza tena.

Earphone hazikuwa na charge, zilikuwa zimemziba masikio tu, na kwa dirisha lililofungwa na kelele ya soko hakutambua sauti ya huko chini.

Huko chini, Mageto alikuwa amezima wimbo na kutoa simu yake kwa spika ili aongee vizuri na mjomba Oyaro. Walikuwa kwa mambo ya Jumamosi, nani atabeba nini. Mjomba alikuwa katikati ya kusema "na usisahau blanketi ya mama ya msichana," wakati ile spika ikakohoa. Kisha ikasema kwa sauti ya Chelangat, kubwa kama ya siku ya mwisho:

"Uamuzi wangu ni kwamba nisiolewe na Mageto."

Mtu wa soksi akasimama na soksi moja mkononi.

"Ni mtu mzuri. Hakuna mtu hajui ni mzuri. Lakini ni mtu hajawahi kuamua kitu tangu nimjue. Mimi ndio nachagua chakula. Mimi ndio nimechagua siku ya koito. Hata siku ya kunibusu mara ya kwanza, ni mimi niliamua, yeye alikuwa anaona."

Kwa stage ya boda, hakuna injini ilikuwa inalia. Mama wa nyanya alikuwa amefunika mdomo na kanga.

"Namuuliza tutaishi wapi, ananiambia tutaona. Nikiolewa hivi nitapoteza kiti ambacho watu walinipa wakinicheka, na nitakuwa mke wa mtu wa kungoja. Nitangoja mpaka nizeeke. Afadhali nilie sasa mara moja. Jumamosi watu wake wasikuje."

"Mageto," mjomba Oyaro akasema kwa simu. "Huyo ni nani anaongea hapo?"

Mageto akainama kutafuta swichi. Kabla aipate, spika ikaanza tena kutoka mwanzo, mara hii kwa sauti ya juu zaidi. "Uamuzi wangu ni kwamba nisiolewe na Mageto." Yote. Mpaka ya kubusu. Watu waliokuwa upande wa posho mill na hawakusikia mara ya kwanza, wakafika kusikia ya pili.

Halafu ngazi ikalia ko, ko, ko, na Chelangat akashuka mbio, gauni ya maua ameishika pembeni, simu mkononi.

"Beb, ebu niangalilie hii simu, imekataa kutoa sauti."

Litein ilikuwa inamwangalia. Yaani wote. Mtu wa soksi, mama wa nyanya, boda boda nzima, mlinzi wa benki na kofia yake. Aliangalia Mageto, akaona uso hauna damu. Akaangalia spika, taa zake zinawaka kijani, nyekundu, kijani. Akaangalia simu yake. Ile alama ya bluetooth ilikuwa hapo juu, ndogo, imetulia, na chini yake jina: SPIKA MAGETO.

Akazima bluetooth, lakini ilikuwa imechelewa.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Mageto, hiyo ni homework."

"Homework."

"Ni kozi. Tumeambiwa tutetee upande tunaouogopa. Kuna upande wa pili, sijarekodi, nilikuwa nirekodi kesho, ndio niamue..."

"Madam," Obiero akasema polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka, "hiyo homework umepata A."

Mageto alizima spika. Akaiingiza ndani, akaingiza na meza, akaingiza na ubao wa jina la duka. "Ulikuwa unadanganya?" akamuuliza bila kugeuka.

Hapo angesema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Lakini akatikisa kichwa, kwa sababu hakuna mahali kwa ile rekodi alidanganya, na wote wawili walijua.

"Basi nimesikia," Mageto akasema. Akafunga duka saa ya soko ikiwa imeiva, akaondoka kwa miguu, viatu vyake vyeupe ndani ya matope, havioni.

Chelangat alipiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Jioni, Obiero akampigia na sauti ya mtu wa matanga.

"Chairlady, mimi sipendi kubeba habari."

"Beba tu, Obiero."

"Ameambia mjomba yake wasikuje Jumamosi."

Kufika asubuhi kuna mtu alikuwa amerekodi ile sauti ya spika na kuiweka kwa status, akachora na moyo umepasuka juu yake. Boito yote ilikuwa nayo. Alipofika kwa kituo, mzee Isaiah, mmoja wa wale wawili wa kutaka kiti, alimsalimia chamgei kwa furaha nyingi sana. "Chairlady, sasa ukikaa bila bwana ama ukienda na bwana, kiti inabaki na nani?"

"Mzee, weka gunia yako kwa mizani," Chelangat akamjibu.  Akageukia mtu wa foleni aliyefuata.

Nyumbani alipata baba yake anapanga viti chini ya hema.

"Baba, hawakuji."

"Nani amesema?"

"Mageto ameambia mjomba yake."

"Mimi ameniambia?"

"Hajakuambia."

"Wewe amekuambia?"

"Amezima simu."

Johana akavuta kiti kingine, akakiweka kwa laini. "Viti nimeitisha kanisa, mbuzi nimefunga, maziwa iko kwa kibuyu. Mimi sifungui hema kwa habari ya boda boda." Lakini akakaa kwa kimoja cha vile viti, peke yake, na Chelangat akaona baba yake ameaibika mbele ya ndugu zake na anaficha. Hiyo ilimuuma kuliko status.

Alipigia Madam Dorcus. Alikuwa hajawahi, lakini namba ilikuwa kwa group.

"Mwalimu, siwezi kutuma upande wa pili. Uamuzi umeshafanyika."

"Umefanywa na nani?"

"Na... spika."

Madam Dorcus akauliza, "Hiyo spika imesoma kozi na sisi?"

Chelangat alicheka na machozi ikamwingia puani.

Mageto naye alikuwa Kiptere, amejilaza nyuma ya meza ya ndizi ya mama yake kama gunia. Nyanchoka alimwacha hivyo mpaka wateja wakapungua. Habari alikuwa nayo. Mteja wa kwanza tu asubuhi alikuwa amemwonyesha kwa simu.

"Alisema uwongo gani?" akauliza.

"Nani?"

"Usinipotezee wakati, baba. Msichana. Alisema uwongo gani?"

Mageto akafikiria. "Hakuna."

"Hata ya kubusu?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu." Akageuza ndizi, zile za kuiva haraka akaziweka mbele. "Unajua baba yako alikuwa mtu mzuri? Mzuri sana. Tuliishi kwa nyumba ya kampuni huko kwa mashamba makubwa tangu sijakuzaa. Kila mwaka namuuliza, tutajenga wapi? Tukanunue shamba Nyamira? Tukae huku? Ananishika bega, ananiambia Nyanchoka, tutaona. Nikachuma chai mpaka mgongo ukapinda. Siku ya kustaafu wakatupatia cheti na picha, wakatuambia nyumba inahitajika. Wewe ulikuwa boarding. Tukatoka na vitanda juu ya trekta, hatujui trekta inaenda wapi. Dereva anamuuliza baba yako, mzee, nikate kushoto ama kulia? Baba yako akaniangalia mimi."

Mageto alikuwa ameketi sasa. Hii hadithi hakuwa ameisikia. Alikuwa anajua tu walihamia Kiptere. Hakujua ni mama alisema "kulia" kwa sababu tu kulia barabara ilikuwa na lami. 

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafanana na yeye. Sikutaka kukuonyesha." Akampa ndizi. "Sasa huyo msichana amekuonyesha, tena kwa spika. Mimi ningekuwa na spika miaka hiyo, ningeishi kwangu."

"Lakini nimeshaambia mjomba wasiende."

"Nimekusikia," Nyanchoka akasema, akaendelea kupanga ndizi.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Kituo cha Boito kilikuwa kimejaa, foleni ya magunia imefika barabarani, lori la kiwanda linanguruma, na ile harufu ya majani mabichi iko kila mahali. Chelangat alikuwa amesimama karibu na Benard, karani wa mizani. Gauni ya maua aliiacha ikining'inia nyumbani. Alikuwa na sweta ya kijani, gambuti, kitambaa kichwani. Earphone zilikuwa kwa mfuko, na bluetooth alisahau kuzima. Huyu msichana hajifunzi.

Pikipiki ikakuja ikiyumba. Kwanza watu walidhani Obiero amebeba ng'ombe. Ilikuwa spika. Ile refu, imefungwa na kamba ya manila huku na huku, na nyuma yake Mageto ameikumbatia, na nyuma ya Mageto ule ubao wa duka, SIMU NA VIFAA, umefungwa kama mbawa.

Akashuka. Viatu vyake vilikuwa vichafu. Chelangat aliona hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

"Habari ya asubuhi, wakulima," Mageto akasema. "Mimi ni yule wa spika."

"Tunakujua," foleni ikajibu.

"Nimekuja kusema nimeamua." Akaonyesha senta kwa kidole. "Nimechukua ile chumba ya mwisho hapa senta, karibu na mashine ya kusaga. Nahamisha duka. Nitaishi Boito. Chelangat asihame, asitoke kwa kiti. Nimemaliza."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kelele ya furaha. Mageto akaangalia mpenzi wake akingoja atabasamu, na akapata uso ule wa siku ya kwanza, uso wa hakimu.

"Umechukua chumba," Chelangat akasema.

"Nimechukua."

"Boito. Kwetu. Bila kuniuliza."

Makofi yakafa.

"Beb, si ulisema sijui kuamua?"

"Nilitaka tuamue pamoja. Miezi yote unaniambia tutaona, Jumatano unafuta koito bila neno kwa baba yangu, leo unakuja na nyumba juu ya pikipiki. Kwani wewe una gia mbili peke yake?"

"Haki mwanaume ameingia mtaro tena," Obiero akasema chini chini, na kwa sababu mkono wake haujui kutulia, akabonyeza swichi ya spika. Taa zikawaka. Sauti ya kike ikatangaza kwa Kizungu kwamba imeunganishwa. Hakuna mtu aliijali.

Mageto akamwangalia Obiero, akaangalia spika. Kisha akakaa juu ya gunia la majani la mtu, akafunika uso, na mabega yakaanza kutingika. Chelangat alidhani analia. Alipomkaribia akapata anacheka, lakini machozi pia yalikuwa.

"Basi nakuuliza," akasema. "Ile chumba, mwenyewe amesema naweza kurudisha ufunguo mpaka jioni. Unaionaje?"

"Ni ile inavuja?"

"Inavuja?"

"Pembeni, juu ya dirisha. Kila mtu anajua." Akakaa kwa gunia lingine, magoti yao yakagusana. Watu wa foleni wakasogea karibu bila aibu yoyote. "Tutarekebisha mabati," akasema. "Hiyo ni sawa. Sasa nisikie, upande wa pili sijarekodi. Ilikuwa nitume jana, sikutuma."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uwe hapo ukisikia." Akatoa jani lililokwama kwa shati yake. "Siku ya kwanza nilikukataa kwa soko nzima na hukukasirika. Ulicheka. Halafu wazee walinipigia kelele tena kwa mkutano mpaka nikakupigia simu nikilia, nikitaka kurudisha kiti. Watu wote waliniambia nirudishe, hata shangazi. Wewe uliniambia enda ukalie hicho kiti mpaka kizoee. Hukusema tutaona. Hiyo siku uliamua, Mageto, na hukujua. Mimi niliamua hapo hapo."

"Hiyo ni homework ama ni kweli?" mzee Isaiah akauliza kutoka kwa foleni.

"Ni kweli, mzee."

"Basi malizeni. Majani inakauka."

Chelangat akageukia Mageto. "Uliniambia hujaniuliza kitu. Siku ile Litein. Mpaka leo hujawahi kuniuliza. Watu wamepanga koito, wamepanga blanketi, wewe hujaniuliza."

Na ilikuwa kweli. Mageto alishtuka akirudi nyuma na akili, mwezi kwa mwezi, anatafuta siku aliuliza. Hakuna. Akapiga goti moja hapo kwa matope na majani yaliyoanguka. "Chelangat, utaniruhusu nikuoe?"

Kabla ya jibu, spika ikalia. Ikalia kama simu, kubwa, taa zinaruka, mpaka punda wa maziwa akakurupuka na mitungi. Chelangat akashika mfuko, akabonyeza, na sauti ya Johana ikajaa Boito:

"Chelangat, uko wapi wewe? Boma imejaa watu wa Kisii."

Mageto akaganda na goti lake.

"Kuna mama mmoja amekuja na mkungu wa ndizi, ati yeye ndio Nyanchoka. Ameketi kwa kiti ya mbele. Namuuliza si mtoto wako alisema hamkuji, ananiambia huyo mtoto alifuta yake, yangu hakufuta. Kuna mjomba pia, Oyaro, ameshika blanketi, hataki kuiweka chini. Wanasema wamekuja kuomba. Wanatoa sababu nyingi. Sasa mimi niwaambie nini?"

Mizani ikasimama. Lori likazimwa. Boito nzima ilikuwa inasikiliza, na huko nyumbani, kwa hema, ilikuwa wazi kila mtu amekaribia simu ya mzee.

Chelangat akaiweka simu karibu na mdomo. Macho yalikuwa kwa Mageto, macho kwa macho, vile alifundishwa.

"Baba, waambie nimesikia sababu zao."

Obiero akafunga macho. Yeye alikuwa hapo Litein siku ya kwanza. Mageto pia alikuwa, na alijua vile hiyo sentensi huisha.

"Wamesikia," Johana akasema. "Endelea."

"Na uamuzi wangu ni ndiyo."

Kelele ilitoka pande mbili, kwa foleni na ndani ya spika, zikakutana katikati, na juu ya zote sauti ya Nyanchoka ikipiga vigelegele mpaka spika ikakwaruza. Mageto alijaribu kuinuka akateleza. Chelangat akamshika shati, akamvuta, na mara hii alingoja. Alisimama tu, anangoja, mpaka Mageto akaelewa, akambusu yeye mwenyewe, bila kuambiwa.

"Mnakuja saa hii?" Johana akauliza. "Mbuzi iko tayari."

Chelangat akaangalia foleni, akaangalia mzee Isaiah na gunia lake, akafunga kitambaa vizuri kichwani.

"Tunakuja, baba. Wapatie mursik. Kwanza lori lijae."

"Sawa, chairlady," akasema mzee Isaiah, na akainua gunia lake kwa mizani.